Haiba ya kiongozi na siasa za wanyonge

Haiba ni mvuto wa mtu unaofanya wengine wamwamini na kumfuata hata kabla ya kuuliza sheria inasemaje. Katika siasa huzidi nguvu kiongozi anaposimama kama mtetezi wa wananchi wa kawaida dhidi ya vigogo.

Mfano wa karibu ni hayati John Magufuli, Rais kuanzia Novemba 2015 hadi Machi 2021. Alisema serikali yake ni ya wanyonge, "akatumbua majipu", na Desemba 2018 akawagawia wakuu wa mikoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja Sh 20,000. Wamachinga wengi walipumua. Lakini mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa tangu 2016, na zuio liliondolewa na Rais Samia Suluhu Hassan Januari 2023.

Hapa Tunduma, Oktoba 2019, Magufuli na Rais Edgar Lungu wa Zambia walifungua Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani. Kituo hicho kinategemea makubaliano ya nchi mbili, ndiyo maana kimebaki baada ya wote wawili kuondoka madarakani.

Basi msikilizaji, ukisikia ahadi jukwaani, uliza: aliyeitoa akiondoka, itasimamiwa na nani, kwa sheria ipi?