Mwenye Kiti Ni Nani: Kadhia ya Julian Bond wa Georgia

Mtunga sheria wa jimbo huko Marekani aghalabu ni mtu wa mambo ya karibu, kama vile kodi, shule, barabara na mipaka ya wilaya za uchaguzi, wala jina lake halivuki mpaka wa jimbo lake. Jina la Julian Bond wa Georgia lilivuka kabla hajaapishwa. Na kwa sababu hiyo wengi waliomwandika wamekomea pale penye kishindo, wakaiacha miaka ishirini iliyofuata kana kwamba ilikuwa mabaki ya habari. Rai yangu ni kinyume cha hiyo. Kukataliwa kwake barazani na kazi yake ya baadaye ni kadhia moja, na swali lake ni moja: mwenye kiti ni nani?

Bond alizaliwa Nashville, Tennessee, mwaka 1940, mwana wa mwanachuoni Horace Mann Bond. Akaingia chuo cha Morehouse, kisha akakatiza masomo ili awe msemaji wa SNCC, kamati ya wanafunzi iliyoundwa mwaka 1960 kupinga ubaguzi bila ya kutumia nguvu. (Vijana wa kamati hiyo hawakuwa mbali nasi kama inavyodhaniwa, kwani Desemba 1963, mwezi ule ule Kenya ilipopata uhuru, walikutana na Oginga Odinga mjini Atlanta.) Wilaya za uchaguzi zilipogawanywa upya kwa amri ya mahakama, watu wa Atlanta walimchagua Juni 1965 kwa kura 2,320 dhidi ya 487.

Tarehe 6 Januari 1966 SNCC ilitoa tamko la kulaumu vita vya Vietnam na kuwaunga mkono vijana waliokataa kuingizwa jeshini. Bond alipoulizwa alisema kwamba analikubali. Siku nne baadaye alikwenda kuapa pamoja na wenziwe, akaambiwa akae kando, na wajumbe 184 dhidi ya 12 wakaamua asipokewe. Hoja yao ilikuwa kwamba mtu mwenye maneno kama yale hawezi kuapa kwa nia safi kuwa ataitii Katiba. Yeye alijibu kwamba hakumshawishi mtu yeyote kuchoma kadi yake ya jeshi, na kwamba kadi yake mwenyewe imo mfukoni, wakitaka ataitoa waione.

Hoja ya wajumbe ina sura ya taadhima, na si haki kuipuuza, maadamu kila baraza lina mamlaka ya kupima sifa za wanaoingia. Lakini umri na makazi ni mambo ya dhahiri, ilhali nia imo moyoni; na pindi wengi wakipewa ruhusa ya kuhukumu ikhlasi ya mchache, basi kila uchaguzi utakuwa ombi linalongoja ridhaa ya mahasimu wa aliyechaguliwa. Wala jambo hilo halikuwa geni Georgia: Septemba 1868 baraza hilo hilo liliwatoa wajumbe weusi, Henry McNeal Turner akiwa miongoni mwao, kwa kisingizio kwamba haki ya kupiga kura haikuwa haki ya kushika wadhifa.

Kiti kilitangazwa kuwa wazi. Wapiga kura wakamrudisha Bond Februari 1966, na tena Novemba. Desemba 5 mwaka huo majaji wote 9 wa Mahakama Kuu ya Marekani, kwa hukumu iliyoandikwa na Earl Warren, waliamua kwamba baraza limevunja uhuru wake wa kusema, kwani mjumbe hutakiwa atoe rai zake juu ya mambo makubwa ili waliomtuma waweze kumpima. Januari 1967 akaketi.

Alidumu katika baraza la chini hadi alipoingia Seneti ya jimbo mwaka 1975, akakaa humo mpaka 1987. Kazi yake iliyo nzito kuliko zote, kwa maoni yangu, haikuwa ya hotuba. Mipaka ya wilaya za Kongresi ilipochorwa upya baada ya sensa ya 1980, alitaka weusi wa Atlanta, ambao mistari ilikuwa ikiwagawa, wakusanywe katika wilaya moja watakamokuwa asilimia 69. Wenziwe walipitisha ramani yenye asilimia 57. Mahakama ya Washington ikaibatilisha mwaka 1982 kwa kuwa makusudi yake yalikuwa ya ubaguzi, na ramani mpya ikafikisha takriban asilimia 65.

Mwaka 1986 Bond mwenyewe aliwania wilaya hiyo, dhidi ya John Lewis, rafiki yake tangu enzi za SNCC. Wengi wa wapiga kura weusi walimpa Bond kura zao. Weupe walio wengi walimpa Lewis, naye akashinda kwa asilimia 52 hivi. Watu huisimulia habari hiyo kama dhihaka ya majaliwa, kwamba fundi alijenga nyumba akakaa mwingine. Mimi siioni dhihaka. Aliyeshikilia mwaka 1966 kwamba wajumbe 184 hawana idhini ya kumpokonya kiti hakuweza, miaka ishirini baadaye, kudai kiti kingine kwa hoja ya kwamba ndiye aliyekichonga. Na kwa kadiri ninavyoisoma kadhia hii, hakudai.