Joto la Mtoto Mchanga Katika Nyanda za Juu za Kenya

Katika nyanda za juu za Kenya, miezi ya Juni hadi Agosti huja na ukungu na manyunyu, na usiku wa Julai jijini Nairobi joto hushuka hadi nyuzi 11 au 12. Mtoto mchanga hawezi kujipasha joto kwa kutetemeka kama mtu mzima, na mwili wake mdogo hupoa upesi. Kumhifadhi bila gharama kubwa ni kazi iliyoshughulisha akina mama wa huko tangu kabla ya miji kuwapo.

Kwa Wakikuyu kazi hiyo ilifanywa na nyumba yenyewe. Mume alikuwa na thingira yake, yaani nyumba ya mwanamume. Watoto wadogo walilala na mama katika nyumba ya duara isiyo na madirisha, yenye paa nene la nyasi. Ndani yalikuwamo mafiga matatu, na usiku makaa yalifukiwa majivuni ili moto usizimike. Mbuzi na kondoo walifungiwa humo humo, wakaongeza joto la miili yao. Nyasi kavu hunasa hewa kati ya mabua, na hewa iliyotulia huzuia joto lisitoroke. Kuni nazo zilikuwa za kuokota. Wachaga wa Kilimanjaro, katika nyumba zao zilizoezekwa kwa nyasi hadi karibu na ardhi, walilaza ng'ombe ndani na kupata faida ile ile. Hata hivyo si haki kuzisifu nyumba hizo na kuusahau moshi. Ulipenya nyasi polepole, na kabla ya kutoka uliingia machoni na mapafuni mwa waliolala, kichanga akiwamo.

Ukoloni ulivunja mpangilio huo. Kodi ya kibanda, iliyoanza mwaka 1901, ilitozwa kwa kila nyumba, hivyo nyumba ya kila mke ikawa na bei. Kuanzia 1954, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, zaidi ya watu milioni moja wa jamii ya Wakikuyu walihamishwa kwa nguvu na kukusanywa vijijini. Mabati nayo yalienea: hayashiki moto, hukinga maji ya mvua, na yalimpa mwenye nyumba heshima. Lakini bati ni jembamba, hupoa jua likizama tu. Katika chumba cha kupanga mjini hapakuwa na mbuzi wala nyasi, na joto likawa kitu cha kununua.

Lilinunuliwa kwa debe la mkaa. Jiko la bati la kuchomea mkaa huo huhusishwa na mafundi wa Kihindi waliokuja kujenga reli kati ya 1896 na 1901. Lilipendwa kwa sababu lilipika na kupasha chumba moto, bila moshi. Hapo ndipo hatari ilipojificha. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayojishikiza kwenye damu na kuifukuza oksijeni. Baridi ilipozidi, watu waliziba nyufa za mlango na dirisha kwa magunia, na gesi ikakosa pa kutokea. Mtoto, kwa kuwa hupumua haraka kuliko mkubwa, hudhurika mapema.

Baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati uliofanyika Nairobi mwaka 1981, lilitengenezwa jiko lenye kiuno chembamba na udongo uliochomwa ndani, kwa kufuata mfano wa Thailand. Mafundi wa jua kali walilifua kwa wingi, na matumizi ya mkaa yakapungua kwa asilimia 30 hadi 50. Ulikuwa ushindi mkubwa kwa mfuko wa familia, ingawa udongo ulielekeza joto kwenye sufuria na chumba kikapata kidogo. Gesi haikuondoka.

Njia ya bei nafuu kuliko zote ilithibitishwa nje ya Afrika. Mwaka 1978, huko Bogotá nchini Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria, hospitali yake ikiwa na upungufu wa mashine za kuwatunzia njiti, yaani watoto waliozaliwa kabla ya wakati, alianza kuwalaza watoto hao kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi. Huduma hiyo, iitwayo ya kangaroo, imefika katika hospitali za Kenya: mtoto huvalishwa nepi, kofia na soksi tu, kisha hufungwa wima kifuani kwa leso. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani limeshauri ianze mara baada ya njiti kuzaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kila siku.