Neno Lishukalo na Neno Lipandalo

Ukipita leo Gitothua, ewe msomaji, katika mji wa Ruiru uliojaa nyumba na maduka, si rahisi kukumbuka kwamba zamani za utawala wa Waingereza nchi hii, tangu Ruiru hata Thika, ilikuwa ya mikahawa na mikonge. Basi jiulize: neno la mwenye shamba lilimfikiaje mchumaji, na neno la mchumaji lilimfikiaje mwenye shamba?

Swali la kwanza ni jepesi. Mzungu alimwambia karani, karani akamwambia nyapara, naye nyapara akapaza sauti kati ya mistari ya mikahawa. Amri iliyotoka nyumbani ikiwa ndogo iliweza kufika shambani ikiwa kali.

La pili ni gumu. Mchumaji hakuwa na njia ila kumrudia nyapara yule yule, ambaye pengine ndiye aliyelalamikiwa. Tena palikuwa na kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikatekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Karatasi ilitiwa katika kikasha cha chuma, ikaning'inizwa shingoni. Mwajiri aliandika humo mshahara wa mtu na siku ya kumwachilia. Mwenye kukivaa hakuandika neno. Asiyetiwa sahihi hakuweza kuajiriwa kwingine kwa halali. Nionavyo mimi, ni barua chache zilizopata kusema mengi hivyo juu ya mtu pasipo kumwuliza.

Mwaka 1921 walowezi waliazimia kupunguza mishahara kwa theluthi moja. Hapo Harry Thuku, kijana aliyekuwa mpokeaji simu katika Hazina ya serikali mjini Nairobi (na kazi gani ingemfunza zaidi jinsi maneno yaendavyo?), aliwaruka walowezi na machifu, akapeleka telegramu moja kwa moja London. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati uliodai aachiliwe ulipigwa risasi. Kwa hesabu ya serikali yenyewe, walikufa watu 21.

Njia halali ya kupanda ilichelewa mno. Mwezi wa Oktoba 1962 waajiri, vyama vya wafanyakazi na serikali walitia sahihi mkataba wa mahusiano kazini, na mwaka 1964 ikaundwa mahakama ya kuamua magomvi ya kazi. Sasa lalamiko liliweza kumpita nyapara, likapelekwa na mwakilishi wa chama hata mbele ya hakimu. Thuku aliyaona hayo yote kabla ya kufariki mwaka 1970, naye wakati huo alikuwa mkulima wa kahawa.