Makiato: Doa, Tone au Makali Yaliyokatwa?

Mama mdogo alikuja kutoka Tanga, akaketi jikoni kwangu, nami nikamwekea kikombe kidogo ambacho hakikujaa hata nusu. Alikitazama kama mtu aliyepimiwa dawa ya kikohozi.

"Hii ndiyo kahawa?"

"Ndiyo, mama. Inaitwa makiato."

"Makiato ndiyo nini?"

"Ni Kitaliano. Maana yake, iliyotiwa doa."

"Doa!" Akakisogeza kikombe mbali kidogo. "Kahawa yenyewe imekosa nini hata itiwe doa?"

Nilicheka, lakini swali lile limenikaa. Kwa Mtaliano pia doa lina ubaya wake, ila akisimama kaunta asubuhi na kuagiza makiato hafikirii uchafu wala aibu. Anaona kahawa nyeusi na alama nyeupe katikati, basi. Kwetu neno halimwachi mtu hivyo. Nguo ikipata doa hufuliwa. Mtu akitiwa doa, ukoo mzima unajua, na halifuliki. Andika "kahawa yenye doa" kwenye orodha ya vinywaji, na mteja atauliza kama vikombe vimeoshwa. "Baka" lingefaa kwa sura, maana chui ana mabaka yake na hakuna anayemdharau, lakini liweke nyuma ya neno "kahawa" uone linavyogeuka kitenzi ambacho hutakitamka mbele ya mama yako. Limebaki "kipaku". Ni neno zuri, pole, linalomfaa kuku na ndama. Tatizo ni kwamba vijana wengi watahitaji kuelezwa kipaku ni nini kabla ya kuelezwa kahawa ya kipaku ni nini.

Kabla ya kuhangaika na jina, tukitazame kinywaji chenyewe. Makiato ni espreso moja, kama mililita 25 hadi 30, iliyowekewa juu kijiko kimoja au viwili vya maziwa yenye povu. Hakuna zaidi. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba alama ile ilimsaidia mhudumu kutambua vikombe vyenye maziwa kati ya vile visivyo nayo, kwa sababu maziwa kidogo yakizama chini ya utando wa kahawa hayaonekani.

Hapo ndipo "kahawa ya maziwa", jina ambalo mtu yeyote angelikimbilia kwanza, linaposhindwa. Haya maziwa ni kiasi gani? Nyumba nyingi za Tanzania zikisema kahawa ya maziwa zina maana ya kikombe kikubwa cha maziwa ya moto kilichokorogewa kijiko cha kahawa ya unga. Hicho ni kinywaji kingine kabisa, na Waitalia wanakitenga: wana makiato ya kahawa iliyopata maziwa, na wana late makiato, yaani maziwa yaliyopata kahawa. Maneno ni yaleyale. Kilichobadilika ni nani mwenyeji na nani mgeni. Mwaka 1996 kampuni ya mikahawa ya Starbucks ilitoa makiato yake ya karameli, ambamo maziwa ndiyo mwenyeji, na tangu hapo jina limeyumba duniani. Mimi mwenyewe niliwahi kuagiza makiato katika hoteli moja nikaletewa bilauri ndefu yenye mrija. Sikulalamika, nilikunywa, nikashiba, nikakosa chakula cha mchana.

Majirani wa Waitalia walipolitafuta jina, kila mmoja alitazama jambo lake. Wareno waliliona tone: kwao ni kahawa iliyodondoshewa. Wafaransa walitazama rangi, wakaipa jina la njugu fulani ya kahawia. Wahispania wana kortado, ambayo maziwa yake ni mengi kidogo, na maana yake ni "iliyokatwa". Hii ya mwisho ndiyo iliyonishtua, kwa sababu Kiswahili kimekuwa kikisema hivyo miaka yote bila kumwomba Mhispania ruhusa. Pilipili ikizidi, tui hukata makali. Chai ikiwa nzito, maziwa hukata makali. Mama mdogo nilipomwambia "ni kahawa iliyokatwa makali kidogo," hakuuliza swali la pili.

Sasa espreso. Neno lenyewe kwa Kitaliano linabeba mambo matatu kwa pamoja: iliyobanwa ikatoka, iliyotoka haraka, na iliyotengenezwa kwa ajili yako wewe uliyeagiza. Wafasiri wengi hukamata haraka na kuishia "kahawa ya chapuchapu", ambayo kwangu ni kahawa ya unga wa kopo. Siri iko kwenye kubana. Angelo Moriondo wa Turin alipata hataza ya mashine ya kahawa ya mvuke mwaka 1884, na Luigi Bezzera wa Milano ya kwake mwaka 1901, lakini mvuke peke yake hausukumi sana. Mashine za mkono wa kuvuta alizotoa Achille Gaggia mwaka 1948 ndizo zilizopandisha shinikizo hadi kiwango tunachokijua leo, kama bar 9. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa bar 2 hivi, kwa hiyo zidisha mara nne na ushee, kisha uelekeze nguvu hiyo yote kwenye kijiko cha kahawa.

Kitendo hicho tuna neno lake, na tunalitumia kila siku: kukamua. Tunakamua ndimu, tunakamua ufuta, tunakamua nazi. Kahawa ya dele, ile ya mitaani inayonywewa kwa vikombe vidogo na kashata, huchemshwa. Ya chujio hudondoka kwa uzito wa maji yenyewe. Espreso hukamuliwa. Na ng'ombe pia hukamuliwa, kwa hiyo katika kikombe cha makiato kahawa na maziwa vyote vimepita kwenye kitenzi kimoja. Kitaliano hakina raha hiyo.

Nazi inatusaidia zaidi ya neno. Yeyote aliyewahi kushika kifumbu anajua kwamba kinachotoka mwanzo ni kasimile, zito, tamu, lenye mafuta. Ukiendelea kuongeza maji na kukamua unapata tui jepesi, na mwisho maji ya chicha. Espreso inakwenda vilevile. Mashine yangu ni ya mtumba, ndogo, inapiga kelele kama cherehani mbovu. Naweka gramu 14 za kahawa ya Kilimanjaro iliyosagwa laini, karibu na unga, nashindilia kwa kishindilio mpaka uso wake uwe sawa, nawasha. Sekunde chache hakuna kitu. Kisha unatoka uzi wa rangi ya asali mbichi, mwembamba, unaoyumba. Kati ya sekunde 25 na 30 uzi unaanza kupauka, na hapo nazima hata kama moyo unataka zaidi. Kinachofuata ni tui la pili: uchungu na maji. Vikombe viwili vinatoka, kimoja cha mgeni. Ikitoka sekunde 10, kahawa ilisagwa nene na itakuwa kali ya uchachu. Ikigoma kutoka, imesagwa laini mno. Hakuna fundi wa kuitwa, ni kurekebisha kinu tu.

Asiye na mashine ana birika la moka, lile la pembe nane ambalo Alfonso Bialetti alilitoa mwaka 1933. Shinikizo lake halifiki hata tairi la gari, kwa hiyo sitaliita espreso, lakini kwa kijiko cha maziwa linatosha. Usishindilie kahawa, moto uwe mdogo, na litoe jikoni linapoanza kukohoa.

Maziwa ndiyo yaliyonitesa, kwenye jiko na kwenye neno. Wengine wangependa "kufukiza", kwa kuwa tangu korona ya mwaka 2020 nchi nzima inajua kujifukiza ni nini. Mimi nalikataa. Kufukiza kuna moshi au harufu ndani yake: udi, majani ya mwarobaini. Na kwa wafugaji, kibuyu cha maziwa kilichofukizwa kwa moshi wa kijinga cha moto ni jambo maalumu lenye ladha yake, tusiwanyang'anye neno. Nasema kupasha kwa mvuke, na kile kibomba cha pembeni ya mashine nakiita mrija wa mvuke.

Maziwa yawe ya baridi kutoka kwenye friji, ili muda uwepo. Ya kununua kwa muuza maziwa yachemshwe kwanza, yapoe, malai yaondolewe. Ya boksi hayana kazi hiyo. Ncha ya mrija iguse uso tu wa maziwa. Ukiiweka sawa utasikia sauti ya kanga ikipasuliwa, fupi fupi: hiyo ni hewa inaingia. Sekunde tatu nne zinatosha kwa makiato. Kisha zamisha ncha kidogo, uinamishe jagi, maziwa yazunguke yenyewe mpaka viputo vikubwa vimezwe. Kiganja kisipoweza tena kuvumilia ubavu wa jagi, zima. Hapo ni nyuzi 60 hadi 65. Yakipita 70, yananuka maziwa yaliyochemka na utamu wake unapotea. Povu linalotakiwa hulioni kama povu. Linang'aa na kutiririka kama rangi ya mafuta iliyotoka kukorogwa. Lile la mapovu makubwa, la ndoo ya kufulia, limwage kwenye chai.

Kwa jina la kinywaji, basi, naliacha "makiato". Waethiopia, ambao kahawa ni yao na birika la udongo ni lao, walikaliwa na Waitalia kuanzia 1936 hadi 1941, na leo Addis Ababa watu wanaagiza makiyato bila kutafuta neno la Kiamhari. Sisi "kahawa" yenyewe tuliipata kwa Waarabu, pamoja na buni na finjani. "Ngamizi" ilitungwa kwa uangalifu, na watu wakaendelea kusema kompyuta. Jina la bidhaa husafiri na bidhaa. Vitenzi ndivyo nisivyotaka kuviacha: kukamua, kushindilia, kupasha, kukata makali. Utando wa kahawia juu ya espreso wengi wanauita krema. Mimi nauita utando, ingawa neno hilo linakumbusha maziwa yaliyosahaulika kwenye sufuria.

Mama mdogo alikuwa na mawazo yake kuhusu utando na povu. Kwake povu ni kitu cha kuengua, kama la maharage. Akachukua kijiko cha chai, akaengua lile duara jeupe nililolihangaikia asubuhi nzima, akaliweka kwenye kisahani, akanisogezea.

"Haya," akasema, akainua kikombe. "Doa limetoka."