UZI: Bunduki ina cheti cha kuzaliwa. Shida ni daftari

1/ Kila mjadala wa usalama hapa Kenya unafika hapa: "Hizi bunduki haramu zinatoka wapi?" Upande mmoja unasema zinavuka mpaka. Wa pili unasema zinatoka ghala la serikali. Hakuna anayeiuliza bunduki yenyewe, na bunduki huwa inajibu. Twende polepole.

2/ Mimi ni wa Ekerenyo, nasomea sayansi ya siasa. Sokoro, babu yangu, alikuwa askari wa akiba, wale tunaita rizavu. Alipofariki tulipata karatasi ndani ya Biblia yake. Ina aina ya bunduki aliyokuwa nayo na nambari mbili: moja kwa mwandiko wake, ya siku aliyokabidhiwa, nyingine kwa wino wa karani, ya siku aliyorudisha. Hizo nambari mbili zilimgharimu ng'ombe. Nitafika hapo.

3/ Kwanza jina. Hiyo bunduki ndefu ya mbao wengi wetu tunaiita "Mark 4". Muhuri wake hausemi hivyo. Unasema No. 4 Mk I, yaani modeli ya nne, toleo la kwanza. Ni Lee-Enfield ya Waingereza, ya Vita vya Pili vya Dunia. Ya sokoro ilikuwa na nyota mbele: Mk I*. Toleo la nyota lilitengenezwa Amerika Kaskazini, kwa viwanda viwili: Long Branch kule Kanada na Savage kule Marekani.

4/ Utajua ni kipi kwa kuangalia herufi katikati ya nambari. L ni Long Branch. C ni Savage, kutoka mji wa Chicopee Falls, Massachusetts. Nambari aliyoandika sokoro ina C. Savage walitengeneza zaidi ya milioni moja, na nyingi zilipigwa muhuri U.S. PROPERTY, mali ya Marekani, kwa sababu Waingereza walipewa kwa mkopo wa vita. Moja ikaishia begani mwa mkulima wa Nyamira anayelinda ng'ombe usiku.

5/ Alama zingine za kujua:
– Mshale mpana: mali ya serikali ya Uingereza.
– Mishale miwili iliyogusana ncha: imeuzwa, imetoka mikononi mwa jeshi.
– FTR na mwaka: ilirudi kiwandani ikatengenezwa upya.
– Nambari ya bolti inafaa ilingane na ya mwili wa bunduki. Zisipolingana, kuna mahali vipande vilichanganywa.

6/ Sasa historia. 12 Septemba 1914, Wajerumani na Waingereza walipigana hapa Kisii. Wakati huo kampuni nyingi za askari wa Mjerumani bado zilikuwa na Mauser za modeli ya 1871, za baruti nyeusi. Ukifyatua, moshi unakutangaza. Walihitaji silaha mpya, na nyingi walizipata kwa kuwanyang'anya maadui.

7/ Novemba 1917 wakavuka mto Ruvuma na kuwapiga Wareno pale Ngomano, Msumbiji. Wakachukua bunduki za Mauser-Vergueiro. Juu yake kuna nembo ya mfalme Carlos wa Ureno. Na kiwanda? DWM, Berlin! Bunduki ilitoka Ujerumani, ikauzwa Ureno, ikapelekwa Afrika, ikarudi mikononi mwa Mjerumani.

8/ Mwaka mmoja baadaye Wajerumani waliweka silaha chini Abercorn, leo ni Mbala, Zambia. Waliwakabidhi Waingereza bunduki 1,071, za Kiingereza na Kireno. Ukisoma muhuri peke yake utasema hilo lilikuwa jeshi la Wareno na Waingereza. Muhuri unakuambia bunduki ilizaliwa wapi. Nani aliishika mwisho, hiyo ni kazi ya daftari.

9/ Rudi Ekerenyo. Sokoro alirudisha bunduki yake vizuri, akapewa risiti, akaenda nyumbani. Baadaye akaitwa: daftari linaonyesha bunduki yako haijarudi, umeiuza kwa nani? Karibu miaka miwili akawa anaenda kuripoti. Magokoro anasema waliuza ng'ombe kwa nauli na kwa "chai".

10/ Kijijini watu walianza kunyamaza akipita. Mwishowe fundi mmoja mzee wa silaha aliitoa ile bunduki ghalani, akaigeuza. Mwili ulikuwa na nambari ya C. Bolti ilikuwa na nambari ya L. Siku ya kusafisha, bolti zilichanganywa, na karani akaandika ya bolti. Bunduki haikuwa imepotea hata siku moja. Hakuna aliyeomba msamaha.

11/ Ndiyo maana huu mjadala naona haujakamilika. Kenya ni mwanachama wa Itifaki ya Nairobi ya 2004, inayotaka bunduki zipigwe alama na rekodi zitunzwe ili ziweze kufuatiliwa. Sheria tuko nayo. Lakini alama bila daftari safi ni chuma kilichochorwa tu.

12/ 2016 serikali ilichoma bunduki 5,250 pale Ngong. Picha zilikuwa nzuri. Lakini bunduki ikishaungua haijibu tena. Swali la maana ni la kabla ya moto: kila nambari ilisomwa, ikafuatwa hadi ghala la mwisho?

13/ Kwa hivyo mwanasiasa wa upande wowote akisimama na kusema "zinatoka nje" au "ni za polisi", usimpigie makofi wala kumzomea. Muulize vitu vitatu: Nambari zilisomwa? Za mwili au za bolti? Na daftari la mwisho lilikuwa la nani?

14/ Karatasi ya sokoro nimeiweka kwa plastiki. Magokoro aliniuliza ya nini na mwenyewe ameshazikwa. Nikamwambia, siku akiitwa mwingine, awe na mahali pa kuanzia.

Mwisho wa uzi. Kama kwenu kuna mzee aliyekuwa rizavu, muulize alirudisha nambari gani.