Matokeo Yaliyosubiri Pantoni

Kabla ya Agosti 2003, mtu wa Kilwa aliyetaka kumkebehi mtani wake kwa gazeti lenye picha ya bao ilibidi kwanza auombee Mto Rufiji utulie. Daraja la Mkapa lilikuwa halijafunguliwa. Mabasi na malori ya Kusini yalivuka kwa pantoni pale Ndundu, na masika yakikolea njia ilifungwa. Gazeti likifika Nangurukuru, njia panda ya kwenda Kivinje na Masoko, lilikuwa limeshachakaa kwa kusomwa safarini, na mechi iliyosimuliwa ndani yake imeshapitwa na nyingine.

Matokeo yenyewe, hata hivyo, yalikuwa yameshajulikana, maana redio ilitangulia. Yanga iliundwa 1935, Simba ikafuata 1936, zote Dar es Salaam, kilomita 300 hivi kutoka Kilwa, na watu wa pwani hii wakazipenda vizazi kwa vizazi bila kuziona. Huu ni ushabiki wa masikio. Saa kumi jioni Radio Tanzania ilipowasha matangazo ya mpira, mwenye redio ndiye aliyekuwa na uwanja. Betri za National zilizochoka zilianikwa juani mchana kutwa ili zifike dakika ya tisini. Sauti ya mtangazaji Ahmed Jongo, na baadaye ya Charles Hilary, ndiyo iliyoamua nani kakimbia na nani kazubaa. Tarehe 19 Julai 1977, Simba ilipoichapa Yanga 6-0 na Abdallah Kibadeni akafunga matatu, wengi wa Kusini hawakuona hata bao moja, lakini masimulizi ya mabao hayo wamewarithisha wajukuu. Nami nadhani aliyeona kwa sikio hubisha zaidi kuliko aliyekuwepo: hana picha ya kumsuta.

Televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994 haikubadili mengi huku. Vibanda umiza vilipokuja, na jenereta zao za kukatika katikati ya kona, vilileta zaidi Arsenal na Manchester United. Kwa hiyo kijana wa Masoko aliweza kuzijua sura za wachezaji wa London kabla ya kuzijua za Simba wa Msimbazi na Yanga wa Jangwani. Azam TV ndiyo iliyopindua hilo ilipoanza mwishoni mwa 2013 ikiwa na haki za Ligi Kuu.

Simu nazo zilikuwa zimeshapita kimyakimya. Kwanza kitochi: kubipu, kisha ujumbe mfupi wa maneno matatu, kwa kuwa vocha ina mwisho. Mwaka 2009 mkongo wa intaneti wa Seacom ulitia nanga Dar es Salaam, na mwaka huohuo Facebook ikatolewa kwa Kiswahili. Baada ya hapo yakaja magrupu ya WhatsApp, na humo ndimo utani ulipopata makao. Aliyehamia Mbagala, aliyeko Unguja, aliyefika Muscat na aliyebaki Kivinje wakawa wanakaa kijiwe kimoja. Utopolo kwa Yanga na Makolo kwa Simba yakawa majina ya kila siku. Haji Manara, aliyepata jina kubwa akiwa msemaji wa Simba, alipovuka kwenda Yanga mwaka 2021, klipu zake za zamani zilifukuliwa na kurushiwa yeye mwenyewe. Na Novemba 5, 2023, Yanga iliposhinda 5-1, vidole vitano vilijaa kwenye stetasi. Mwenye Simba yake aliona heri kuzima data mapema.

Zamani utani ulikuwa na subira. Ulimsubiri mtu arudi baharini au shambani, au umkute barazani akiwa ameshaoga. Siku hizi humkuta hata kabla ya filimbi ya mwisho, na picha ya jeneza lenye rangi ya timu yake huenda ilitengenezwa tangu mapumziko. Sioni kwamba ule wa zamani ulikuwa na adabu zaidi, ila ulikuwa wa ana kwa ana, na aliyetania alijua naye atakutwa.

Kisha mkoa wa Lindi, ambao Kilwa imo ndani yake, ukapata timu yake. Lindi mjini walikuwa na timu yao ya Kariakoo, na majirani wa Mtwara walipanda Ligi Kuu na Ndanda mwaka 2014. Ila Namungo ya Ruangwa, Wauaji wa Kusini, ilipopanda mwaka 2019 ilipiga hodi kwa kishindo. Msimu wa kwanza ilimaliza ya nne. Julai 8, 2020, Simba walikuja kukabidhiwa kombe la ligi papo hapo Uwanja wa Majaliwa, baada ya sare ya 0-0. Kwa mara moja picha zilisafiri kutoka Lindi kwenda Dar, na si kinyume chake. Agosti 2, Namungo ilifungwa 2-1 na Simba hiyohiyo katika fainali ya Kombe la Azam kule Sumbawanga, lakini kwa kuwa mshindi alikuwa bingwa wa ligi pia, nafasi ya Kombe la Shirikisho Afrika ikaiangukia Namungo.

Hapo tukarudi kwenye masikio. Mechi zake za nyumbani zikachezwa Dar es Salaam. Februari 2021 ilikwama Luanda kwa masuala ya vipimo vya korona, mechi ya kwanza na 1º de Agosto haikuchezwa, na CAF ikaamua zote mbili zipigwe Dar. Namungo ikashinda 6-2, ikapoteza 3-1, ikaingia makundi kwa jumla ya 7-5. Ikapangwa na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana, ikapoteza mechi zote sita. Mwana Lindi aliyebaki nyumbani alizifuata zote kwa redio, runinga na bando, jinsi babu yake alivyoifuata Sunderland, Simba ya kabla ya 1971.

Wala Kilwa nzima haikuhamia Namungo. Ruangwa iko bara, na nyekundu na njano zimeshaota mizizi. Wengi huipenda Namungo siku isiyokutana na timu yao.

Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya viliikata barabara Somanga, mabasi yakalala njiani. Siku chache baadaye, Mei 12, nyaya za baharini zikakatika na intaneti ikadorora nchi nzima. Kesho yake Yanga ikaifunga Mtibwa Sugar na kutwaa ubingwa wake wa 30. Picha ziligoma kufunguka. Redio ikatangaza kama kawaida.