Anwani Tatu kwa Jina Moja: Funzo la Kiistilahi kutoka Historia ya Viendeshi vya Linux

Makala haya yanafuatilia mgogoro wa kiufundi ambao chimbuko lake lilikuwa pia la kiistilahi. Linus Torvalds alipoanza kuandika Linux mwaka 1991, alilenga kompyuta zenye kichakataji cha Intel 80386. Humo, anwani iliyotumiwa na kiini cha mfumo, ile ya kumbukumbu yenyewe na ile iliyoonwa na vifaa kupitia basi, yaani njia ya pamoja ya kupitishia data, zililingana. Waandishi wa viendeshi waliziita zote anwani.

Ulinganifu huo haukuwa kanuni. Linux ilipohamishiwa kwenye vichakataji vya Alpha katikati ya miaka ya 1990, anwani hizo ziliachana. Katika baadhi ya mashine, anwani ya basi ilizidi anwani halisi kwa gigabaiti 1. Kiendeshi kilichokipa kifaa anwani isiyo ya basi kilikifanya kisome au kuandika data mahali pasipo pake. Suluhisho la awali, virt_to_bus, lilikokotoa anwani ya basi kutokana na anwani dhahania ya kiini.

Ukokotoaji huo nao haukutosha. Katika kompyuta za UltraSPARC, maunzi maalumu yalitafsiri anwani za vifaa kwa kutumia jedwali. Hivyo tafsiri ilibidi iombwe kabla ya kazi na kufutwa baadaye. Toleo la 2.4, la mwaka 2001, liliimarisha utaratibu huo na kuitambua anwani ya kifaa kwa aina yake mahususi, dma_addr_t. Hata hivyo, masalia mengi ya virt_to_bus yalisubiri hadi mwaka 2022 kuondolewa.

Kiswahili kinakabiliwa na hatari kama hiyo. Neno anwani tayari linatumika katika posta, barua pepe na wavuti. Istilahi kama anwani pepe, ikipewa maana ya anwani dhahania, itaeleweka na wengi kuwa ya barua pepe. Inafaa BAKITA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki zisanifishe kwa pamoja utatu wa anwani dhahania, anwani halisi na anwani ya basi kabla vitabu vya kiada havijaenea. Linux ilichukua zaidi ya miaka 20 kuondoa mazoea yaliyokwisha kuota mizizi. Kutofautisha dhana mapema kungegharimu kidogo zaidi.